Chura wa Kihansi, popo wa Pemba na swali la Fomu Tuu

Mie bado niko TP huku Pemba, chaki mkononi, na juzi nusura niadhirike mbele ya darasa.

Nilikuwa nafundisha uhifadhi, nikajimwaga na chura wa Kihansi. Bwawa la umeme lilipopunguza maji ya maporomoko, mwaka 2000 chura 499 walipelekwa kufugwa zoo ya Bronx, Marekani. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. 2010 wakarudi 100, wakapokelewa palepale chuoni kwetu Mlimani, na 2012 wakaanza kurejeshwa Kihansi. Nikamalizia kwa mbwembwe: “Bila kufugwa, wangekwisha!”

Dogo mmoja nyuma akanyoosha mkono. “Mwalimu, na popo wetu walifugwa wapi hata wakaongezeka?”

Jamani! Mpemba mzima, sina jibu. Nikasema tutaliangalia kesho.

Jioni nikaenda kwa babu. Akacheka, halafu akawa mzito kidogo. Zamani popo alikuwa kitoweo, watu wakiwafuata na bunduki kwenye miti wanakolala mchana. Na mmoja wa hao wenye bunduki, kumbe, alikuwa yeye! Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamepungua mno. Ndipo vijiji vikaunda klabu za kuwalinda, Kidike wakawa wanapokea wageni wa kuja kuwatazama. Mwaka 2008 wakatolewa kwenye kundi la walio hatarini kabisa, wakiwa wamepita 20,000.

“Sasa nani aliwafuga, babu?”

“Hakuna, mjukuu wangu. Tulifuga midomo yetu.”

Kesho yake nikawaambia wanafunzi kwamba jana niliwapa nusu ya somo. Chura alihitaji kufugwa kwa sababu makazi yake yaliharibika, na hata yeye asingekuwa na pa kurudi kama Kihansi kusingefungwa mabomba ya kunyunyiza maji. Popo anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo kila risasi ilikuwa hasara kubwa. Dawa yake ilikuwa kuacha kumpiga na kumwachia miti yake. Kabla ya kujenga banda, uliza kwanza nini kinamuua mnyama.

Dogo akatabasamu. Mie nikaandika kwenye andalio la somo: waulize wazee kwanza.

Haya wadau, tuonane Mlimani inshallah. Karafuu nitawaletea!