Sitini, na Kinachobaki

Hapa Kinanira, jioni, nafundisha watoto hesabu uani. Wengi wametoka Kivu, wengine ni Warundi wa majirani. Ubao hatuna, tunahesabu kwa maharage. Na siku zote naanza na punje 60.

Kwa nini 60? Kwa sababu ni namba isiyo na choyo. Igawe kwa 2, inakubali. Kwa 3, 4, 5, 6, inakubali tu. Hakuna namba ndogo kuliko hiyo inayogawanyika kwa zote kuanzia 1 hadi 6. Vigawo vyake viko 12. Ile 100 tunayoipenda ina 9, na kwa 3 tayari imegoma. Wababeli wa kale walihesabu kwa sitini sitini, na dakika 60 za saa tumezirithi kwao. Lakini ongeza punje moja tu: 61 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Watoto wa Kongo nawaambia, namba hii iko hata kwetu. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba Ishango, pale mto Semliki unapotoka Ziwa Edward, akapata mfupa wenye alama za kuchanja, safu tatu. Unakadiriwa kuwa na miaka kama 20,000. Safu moja ina makundi ya alama 11, 13, 17 na 19, yaani namba tasa zote kati ya 10 na 20. Jumlisha: 60. Nyingine ina 9, 19, 21 na 11. Jumlisha: 60 tena. Ya tatu inatoa 48. Alama zile zilikuwa za nini, wataalamu bado wanabishana. Mfupa wenyewe uko Brussels, kwenye makumbusho.

“Mwalimu, nao ulikimbia vita?” mtoto mmoja akauliza. Tukacheka. Nikamwambia hapana, ulibebwa.

Sasa, kuna msichana wa miaka kumi. Kwao walikuwa 6, kila mtu punje 10, safi kabisa. Mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipoanguka na watu wakavuka Rusizi kwa wingi, binamu yake akafika. Wakawa 7. Akagawa upya, akaandika 8, akaweka kalamu chini. Nikamwambia jibu halijaisha: ni 8, baki 4.

“Hizo nne za nani?”

Nikamjibu, hesabu haisemi. Hesabu inataka tu uziandike. Akafikiri kidogo, akasema, “Mama atampa yule aliyekuja juzi, hajazoea njaa ya hapa.”

Ninyi mlio Musasa, Bwagiriza, Kavumu, mnajua haya bila maharage. Mtoto anazaliwa, shangazi anafika usiku, na karatasi bado inasema 6. Na ninyi ndugu zetu mnaogawa, najua orodha inapenda namba kama 60, inayomtosha kila mtu bila maneno. Familia hazizaliwi hivyo. Mkifika kwenye mlango wenye watu 7 na mna fungu la watu 6, msiandike “imekamilika”. Andikeni baki, na baki ni nani. Mwanafunzi wangu akiiacha, namrudishia daftari.