Diski Isiyosomeka Si Diski Tupu

Haraka haraka haina baraka, walinena wahenga. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi bila kuonja ladha yake. Siku niliyoionja nilikuwa nimeketi katika maabara ya tarakilishi chuoni, kidole ki juu ya kipanya, nusura niifute sauti ya marehemu nyanya yangu.

Kisa chenyewe kilianzia Vanga, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Kwa ajili ya tasnifu yangu ya fasihi simulizi, nilimrekodi nyanya akitamba ngano na kuimba nyimbo za harusi kwa Kivumba, lahaja ambayo mimi mwenyewe naizungumza kwa kuchechemea. Kamera niliiazima. Miezi mitatu baadaye nyanya alituaga. Wakati huo kamera ilikuwa imekwisha kurejeshwa kwa mwenyewe na kadi zake kufutwa. Kilichosalia cha nyanya kilikuwa gigabaiti 120 ndani ya diski moja ya nje.

Diski hiyo niliinunua kwa kuvutiwa na maandishi ya kasha lake: USB 3.0, gigabiti 5 kwa sekunde. Hata hivyo, ilikuja ikiwa imeumbizwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Ngano ndefu za nyanya zilizidi kipimo hicho. Rafiki yangu mwenye tarakilishi ya Apple alinisaidia kuiumbiza upya kwa mfumo wa mashine yake kabla ya kunakili chochote. Faili zote zikaingia, nami nikashukuru bila kuuliza zaidi.

Siku ya kuwasilisha rekodi kwa msimamizi wangu nilifika maabarani dakika chache kabla ya ofisi kufungwa. Nilichomeka diski katika tarakilishi ya Windows. Badala ya faili, kilijitokeza kisanduku cha Kiingereza kikinitaka niiumbize diski kabla ya kuitumia. Nilikuwa na pupa. Nilidhani ni utaratibu wa kawaida, nikapeleka mshale kwenye kitufe cha kukubali.

"Mwanangu, usibonyeze!" Ilikuwa sauti ya fundi wa maabara aliyekuwa akipita nyuma yangu. "Mna nini humo?"

"Nyanya yangu, mzee," nilimjibu, kisha nikaona haya kwa jibu langu.

Hakucheka. Alivuta kiti, akanieleza kuwa mashine ile haikuwa imeona diski tupu, bali ilikuwa imekutana na mwandiko isioujua. Kuumbiza kungelifuta daftari la majina ya faili zote, na huenda nisingezipata tena. Dawa ilikuwa kurudi kwa rafiki mwenye Apple, kunakili kila kitu kwenye diski ya pili, kuiumbiza ya kwanza kwa mfumo wa exFAT ambao Windows na Apple huusoma na kuuandika, kisha kurejesha faili humo.

Nilimwuliza iwapo kazi hiyo ingechukua dakika chache, maana kasha lilitaja gigabiti 5. Hapo alitabasamu. Biti 8 ndizo baiti 1, alisema, na kasi ya kashani ni ya barabara, si ya msafiri. Diski yangu ya sahani inayozunguka haizidi sana megabaiti 100 kwa sekunde, hata barabara iwe pana namna gani. Tena, vifaa viwili vikiunganishwa hukubaliana mwendo ambao vyote viwili vinaumudu. Diski ya USB 3.0 ikichomekwa katika tundu la USB 2.0, kiwango cha mwaka 2000, itafanya kazi, lakini ukomo wa barabara utakuwa megabiti 480. Hizo ni megabaiti 60 kwa hesabu ya karatasi, na kwa kawaida 30 hivi kwa matumizi halisi.

Mashine ya rafiki yangu ilikuwa kuukuu, matundu yake ya USB 2.0. Kunakili kulichukua saa moja na ushei, na kurejesha vivyo hivyo. Nilikaa nikiutazama mstari ukijongea, huku nikiwaza kuwa kufuta kungalichukua sekunde chache tu. Rekodi nilizipeleka kesho yake. Msimamizi alinikemea kwa kuchelewa, nami nikaipokea kemeo kwa moyo mkunjufu.

Wapenzi wa Kiswahili, sisi wanagenzi wa isimu tunafundishwa kuwa asiyeelewa lugha ya mwenziwe hana haki ya kudai kuwa mwenziwe hana la kusema. Mashine haijafunzwa adabu hiyo, tuifunze sisi. Kabla ya kwenda nyanjani, ulizeni diski yenu imeumbizwa kwa mfumo gani na itasomwa na tarakilishi ipi. Wekeni nakala mbili mahali pawili. Na kisanduku kile kikijitokeza, ondoeni mkono kwenye kipanya kwanza.

Sauti ya nyanya sasa imo katika diski mbili. Moja iko kwangu, nyingine iko Vanga.