Safari ya Kwanza ya Bugando

Mtoto wa kaka yangu alizaliwa katika zahanati moja ya jijini Mwanza. Mkunga alipofika kwenye nafasi ya jinsi katika fomu, akasita. Maumbile hayakuonyesha wazi kama ni me au ke. Akatuandikia rufaa ya Hospitali ya Bugando na kutusisitizia tusichelewe: baadhi ya watoto wa hali hii hupoteza chumvi mwilini, na katika wiki za mwanzo hutapika, hulegea, hata kufariki.

Sikuwahi kwenda Bugando. Tuliondoka nyumbani Igogo alfajiri. Wifi alitangulia kushuka baina ya mawe, mtoto kifuani chini ya kanga, mimi nyuma na chupa ya chai na kadi ya kliniki. Barabarani tukapata bajaji, ikatupandisha kilima ambako hospitali imekaa tangu 1971.

Njia nzima wifi alilia, na kilichomliza zaidi ni akika, sadaka ya kuchinja kwa ajili ya mtoto mchanga. Siku ya saba ilikaribia na majirani walikuwa wanauliza: mbuzi wawili wa mtoto wa kiume, au mmoja wa mtoto wa kike?

Daktari alimpima mtoto taratibu, akamfunika tena yeye mwenyewe. Akaagiza vipimo vya damu na ultrasaundi. Upasuaji, alisema, usifanywe kwa haraka ya kuwaridhisha watu.

Jioni tukapitia kwa sheikh. Hakushtuka hata kidogo. Alitueleza kwamba wanazuoni wamemzungumzia huntha, mtu ambaye jinsi yake haiko wazi, kwa karne nyingi. Katika sala ya jamaa husimama nyuma ya wanaume na mbele ya wanawake. Katika mirathi hupewa fungu lenye yakini, na linalobaki husubiri hadi hali yake ibainike. "Mpeni jina linalobebwa na wote, kama Nuru," akasema. "Na akika, mwanangu, mbuzi mmoja anatosha hata kwa wa kiume. Nenda ukapumzike."

Usiku ule wifi alilala.

Iliyobaki ni kazi ya serikali, na jirani zetu Kenya wameianza. Mwaka 2009, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mtoto mwingine wa hali hii aliwekewa alama ya kuuliza kwenye nafasi ya jinsi, akakosa cheti cha kuzaliwa. Mama yake alikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola akaitaka serikali ishughulikie utaratibu wa kuwaandikisha watoto kama huyo. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu 1,524 wenye hali hii, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawatambua watoto hao.

Kwetu Tanzania Bara, watoto wa chini ya miaka 5 huandikishwa bure kwenye kata na vituo vya afya. Naiomba serikali iruhusu nafasi ya jinsi isubiri, kama fikihi, sheria ya Kiislamu, inavyosubiri. Nawe mzazi, ukijaliwa mtoto kama huyu, usimfiche. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.