Hesabu ya Moyo

Tinde ni mahali ambapo barabara itokayo Nzega hugawanyika: tawi moja huenda Shinyanga na Mwanza, na jingine huenda Isaka na Kahama. Hapo alikaa mwalimu mstaafu wa miaka 60, aliyependa baiskeli kama kijana apendavyo sifa. Kila alfajiri aliiendesha kabla ya jua kuwa kali.

Moyo ni mtumishi asiyelala. Mtu mzima apumzikapo, hupiga mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Moyo wa mwanariadha waweza kupiga 50 au pungufu, maana pigo lake moja husukuma damu nyingi. Kazi ikizidi, au joto, mapigo huongezeka. Mwalimu aliweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, akahesabu kwa sekunde 15, akazidisha kwa 4. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: toa umri katika 220. Kwake ilibaki 160. Mazoezi ya kadiri yalitaka nusu ya hesabu hiyo mpaka asilimia 70, yaani 80 mpaka 112.

Asubuhi moja kijana mwenye gunia la mpunga alimpita, akamwamkia kwa Kisukuma, “Mwangaluka, babu!” Mwalimu aliona haya kupitwa na mzigo. Akakanyaga kwa nguvu, akampita kijana, lakini salamu hakuijibu, pumzi haikutosha. Punde kifua kikambana. Alishuka chini ya mti akahesabu mapigo 38, yaani 152 kwa dakika. Kijana alimpita tena, na fahari ikamwambia mzee amfuate. Fahari haina moyo wa akiba. Alibaki pale mpaka alipopata msaada, akapelekwa kwa tabibu siku ile ile.

Tabibu alimweleza kwamba kanuni ya 220 ni ya wastani. Kwa watu wengi hukosea kwa mapigo 10 au zaidi, na dawa nyingine za shinikizo la damu hupunguza mapigo. Akampa na kipimo kisichohitaji saa: awezaye kusema lakini asiweze kuimba, yu katika mazoezi ya kadiri.

Aliporuhusiwa kurudi barabarani, mwalimu alikuwa na mizani mpya. Akiamkiwa, huitikia salamu mpaka mwisho. Pumzi ikikatika katikati, hupunguza mwendo. Mwenda pole hajikwai, na wanaompita siku hizi hawaendi zao bila jibu.