Umepata chumba? Usingizi je?

 

Leo tuongee kuhusu kulala. Si kulala huko unakokufikiria wewe, mtundu! Nazungumzia usingizi wenyewe, ule wa kuweka ubavu chini usiku na kuamka asubuhi ukiwa mtu. Maana sisi vijana tukitafuta chumba, swali la kwanza ni "bei gani?" La pili, "luku ya peke yangu au ya kuchangia?" La tatu, kama mfuko unaruhusu, "kuna tailizi?" Hakuna anayeuliza: hivi humu ndani mtu analala kweli?

Mimi naishi Kibiti. Ukitoka Mbagala ukashika Barabara ya Kilwa, unaipita Mkuranga, unatukuta sisi kabla hujalifikia Daraja la Mkapa. Zamani mtu akisema anakwenda Kibiti walimwonea huruma. Lakini tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2003, magari ya Lindi na Mtwara hayasubiri tena kivuko cha Rufiji. Baadaye Kibiti nayo ikamegwa kutoka Rufiji ikawa wilaya yake yenyewe. Basi bwana, wafanyakazi wameletwa, maduka yameongezeka, na madalali wa vyumba wameota kama uyoga.

Chumba changu cha kwanza kilikuwa sh. 30,000 kwa mwezi. Hiyo "kwa mwezi" ni ya kuzungumzia tu, maana mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Yaani hujatandika hata mkeka, sh. 180,000 imekwenda. Dalali naye anasimama mlangoni anataka ya mwezi mmoja. Ukiuliza, unaambiwa kuna watu watatu wanakisubiri chumba hicho hicho. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Toka hapo bei ni makubaliano yenu wawili, na kwenye makubaliano hayo anayetafuta pa kulala ndiye mnyonge. Au nasema uongo, ndugu yangu?

Chumba chenyewe sasa. Kuta za bloku, bati juu, dari hakuna. Dirisha moja, linatazamana na ukuta wa jirani kama watu waliogombana. Mchana bati linapika, na saa sita usiku ukuta bado una moto. Kati ya ukuta na bati pana uwazi wa kupitisha mkono, na mbu wanaingilia humo kama mashabiki siku ya Simba na Yanga. Mimi kijana nilivumilia. Nilikuwa narudi usiku nimechoka, naanguka kitandani kama gunia la mkaa.

BIBI ANAKUJA MJINI

Ikaja Aprili 2024. Msomaji unakumbuka hali ilivyokuwa. Mvua za El Niño zilikuwa zimeujaza mto, Bwawa la Julius Nyerere nalo limejaa na maji yanafunguliwa. Huku Rufiji na Kibiti mashamba yakamezwa, nyumba zikamezwa, watu wakawa wanatoka kwao kwa mitumbwi. Hatujakaa sawa, Mei 4 kimbunga Hidaya kikatua Mafia, ambako ni hapo tu mbele ya delta yetu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa bondeni. Nyumba yake ya miti na udongo ilisimama kwenye maji siku mbili, kisha ukuta wa nyuma ukalala. Tukamleta Kibiti akiwa na kanga mbili, sufuria na jembe. Mvulana mwenye chumba nilikuwa mimi peke yangu, hivyo akapewa kitanda changu. Mimi nikahamia geto la mshikaji.

Sasa hapo ndipo nilipopata elimu. Bibi alikuwa pakavu, chini sakafu ya saruji, juu bati jipya. Jirani wote wakaniambia, "Umemwokoa bibi yako." Lakini wiki ya pili akaanza kusinyaa. Chakula anakigusa tu. Mchana kutwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, kwa sababu ndani hapakaliki na baraza hakuna. Wapangaji wanapita juu ya miguu yake, "samahani bibi, samahani bibi." Usiku anahesabu mbu.

Bibi huniita "mume wangu", kama bibi zetu wote wa Pwani. Siku moja akaniambia, "Mume wangu, hapa maji hayafiki, lakini upepo nao haufiki."

Nikampeleka zahanati. Presha ilikuwa imepanda kwelikweli. Daktari, kijana tu kama mimi, akamuuliza kwa adabu: "Bibi, unalala?"

Bibi akamjibu, "Ninajilaza, mwanangu."

Wote tukanyamaza. Maana kulala na kujilaza ni vitu viwili, na wapangaji wengi wa nchi hii, ukiwauliza vizuri, wanajilaza.

PAKAVU PEKE YAKE HAPATOSHI

Kumbe kwa Bibi mambo haya hayakuwa mageni. Mwaka 1968, yeye akiwa msichana mdogo, Rufiji ilifurika vibaya sana. Baada ya hapo Serikali ikawahamisha maelfu ya watu kutoka bondeni kwenda nchi ya juu, kwenye vijiji vya ujamaa. Ilikuwa moja ya operesheni za mwanzo kabisa za aina hiyo hapa Tanzania. Huko juu maji hayakufika, ni kweli. Lakini udongo wa juu ni mchanga, na mpunga unataka tope la bondeni. Kwa hiyo nyumba ikawa juu na chakula kikabaki chini. Kila msimu watu wakawa wanashuka tena, wanakaa shambani miezi kadhaa kwenye madungu, halafu wanapanda.

Dungu unalijua? Ni kibanda kilichonyanyuliwa juu ya miguu ya miti, unapanda kwa ngazi. Ukiwa juu unaona nguruwe anayekuja kula mpunga, unafukuza ndege, na maji yakija kwa adabu yanapita chini yako. Tena kuna upepo. Sisi wa mjini tunaliona dungu ni ushamba. Lakini sikia hii. Wataalamu walijenga nyumba za mfano katika kijiji cha Magoda, Muheza, mkoani Tanga. Kuta zake zilipitisha hewa, madirisha yalikuwa na nyavu, na vyumba vya kulala vya baadhi ya nyumba hizo viliwekwa juu. Walipohesabu mbu, wakakuta walioingia ni wachache mno kuliko kwenye nyumba za kawaida, na zilizonyanyuliwa ndizo zilizofanya vizuri zaidi. Mchezo huo ukahamia Mtwara, zikajengwa nyumba 110. Nilipomsimulia Bibi akacheka mpaka akashika mbavu: "Wamesoma miaka mingapi kulijua dungu?"

Sisemi turudi wote kwenye madungu, usinielewe vibaya. Dungu linavuja, mtoto anaweza kuanguka, choo hakuna, na mafuriko kama ya 2024 hayaji kwa adabu. Ninachosema ni kwamba wazee walijua nyumba lazima imlinde mtu na maji, na mbu, na joto, na njaa pia. Ukimlinda na kimoja ukamwachia vitatu, hujamlinda.

Na hapa pana kichekesho cha uchungu. Delta yetu ndiyo yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko pote Tanzania. Kwa karne nyingi majahazi yalibeba boriti kutoka hapa kwenda Unguja, Uarabuni na hadi Ghuba. Ukiingia kwenye majumba ya zamani ya Unguja na kukuta chumba ni chembamba, sababu mojawapo ni urefu wa boriti: chumba hakikuweza kuwa kipana kuliko mti uliobeba dari yake. Miti yetu imewalaza mabwana usingizi mnono huko Arabuni. Leo msitu ni hifadhi, tangu enzi za Wajerumani, na kukata unahitaji kibali. Sawa, mikoko ikiisha bahari itatufuata mpaka mlangoni. Lakini mjukuu wa mkata boriti akitaka kujenga, anasubiri saruji na bati zije kwa lori.

Halafu kuna usalama mwingine ambao hauonekani kwenye ramani ya fundi. Mwaka 2017, wasomaji wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga hamhitaji kukumbushwa. Aprili mwaka huo askari polisi wanane waliuawa kwa mpigo mmoja hapa Kibiti. Viongozi wa vijiji na vitongoji waliuawa, wengine wakiwa majumbani kwao. Watu wenye nyumba nzuri kabisa, za tofali na milango ya mbao ngumu, waliziacha wakaenda kulala kwa ndugu mbali. Toka mwaka ule nilijua kwamba kitasa hakitoshi. Nyumba inalindwa na amani ya mtaa na jirani unayemwamini kiasi cha kumgongea usiku wa manane.

Tuje kwenye la kwetu. Nilikwenda kwa mwenye nyumba kuomba tuweke wavu kwenye ule uwazi na dari hata ya magunia. Akaniambia, "Kijana, nyumba ni yangu." Kodi ilikuwa imebakiza mwezi. Ulipokwisha, tukahama.

Tulipata upande wa nyuma wa mji, mbali kidogo na stendi. Nyumba ya zamani, kuta za udongo zilizopigwa lipu, ukiiona kwa nje unaipita. Lakini ina dari, madirisha mawili yanayopeana upepo, mwembe uani, na baraza ya kutosha watu wanne na bao. Sh. 35,000, miezi mitatu mitatu. Tukaandikiana, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia. Nyavu tuliweka wenyewe na fundi, na gharama ikakatwa kwenye kodi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, mimi nikadhani ni maneno ya kwenye kanga tu!

Presha ya Bibi haijaisha, dawa anameza. Lakini anakula, anagombana na majirani, ana marafiki wa barazani wanaojua habari za mji mzima kabla ya mwenyekiti. Wakati wa mpunga anashuka bondeni na binamu zangu, wanalala dungu, na mto ukianza kunung'unika anapanda. Ana miguu miwili, mmoja juu na mmoja chini, kama Warufiji wote tangu zamani.

Kwa hiyo kila mafuriko yakija nikasikia watu wanaambiwa wahame mabondeni, mimi sibishi. Wahame. Ila nauliza: huko wanakopelekwa, shamba liko umbali gani? Maji ya kunywa je? Baraza ipo? Mtu akiokolewa asizame, halafu akakosa chakula na usingizi, kazi imefanyika nusu.

Na wewe kijana mwenzangu unayepanda ngazi na dalali wiki hii, fanya hivi. Nenda kakione chumba saa nane mchana, bati likiwa kazini. Rudi mvua ikinyesha, uone maji yanapita wapi. Angalia juu ya ukuta, pana uwazi au pana wavu? Kakague choo, kisha uhesabu milango ya wapangaji. Ulizia luku inavyogawanywa, maana umeme wa kuchangia umevunja urafiki kuliko wanawake. Kaa kwenye ngazi robo saa usikilize majirani wanavyoongea na watoto wao. Halafu ndiyo uulize bei, na mkikubaliana, iwe kwa maandishi.

Chumba cha bei poa kinachokupeleka zahanati kila mwezi si cha bei poa, mshikaji wangu. Piga hesabu zote.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda. Ulale, usijilaze tu!