Nukta Tano za Sabuni

Kila tukikutana kwenye shughuli za chama naulizwa swali lile lile: "Kaka, hivi wewe unasomea nini hasa?" Nikijibu kwamba mtu mzima wa miaka 30 napima maji ya sabuni, watu wanacheka. Leo naomba nijitetee, na pia niungame jambo.

Kwanza somo, kwa ufupi. Maji safi kwenye nyuzi joto 25 yana mvutano wa uso wa miliniutoni 72 hivi kwa mita. Ukitia sabuni, molekuli zake hukimbilia juu kwa sababu mikia yake haipatani na maji, na mvutano hushuka. Uso ukishajaa, zinazozidi hujikusanya ndani ya maji makundi makundi, mikia ndani, vichwa nje. Makundi hayo ndiyo miseli. James McBain, aliyefanya kazi Bristol mwanzoni mwa karne ya 20, aliyafikia kwa kupima, pamoja na mengine, jinsi umeme unavyopita kwenye maji ya sabuni.

Mimi natumia sabuni ya maabara, sodiamu dodesili salfeti. Miseli zake huanza kwenye milimoli 8 hivi kwa lita. Hapo mstari wa upitishaji umeme, uliokuwa ukipanda kwa kasi, hupinda na kupanda polepole. Hapo hapo mvutano huacha kushuka, ukatulia chini kidogo ya 40. Mashahidi wawili, jibu moja.

Mashahidi wangu hawakupatana. Umeme ulipinda vizuri kabisa. Mvutano ukashuka kupita kiasi, halafu ukapanda tena, ukaacha bonde kwenye grafu. Nikaosha vyombo, nikachoma pete ya platinamu kwenye moto, nikapima upya. Bonde lile lile. Udhamini ulikuwa unakaribia kwisha, na nyumbani wanauliza narudi lini. Basi usiku mmoja nikafuta nukta tano, nikachora mstari mzuri, nikampelekea profesa. Akanisifu. Jamani, sijawahi kusifiwa nikajisikia vibaya kiasi kile.

Jumapili nikampigia mama, Tanga. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mbona sauti imepoa?" Nikamweleza: mashine nzima, maji safi, hesabu zinakataa. Zile nukta sikuzitaja. Mama amefua kwa maji ya kisima miaka yote. Sare zetu nyeupe za shule alizifua kwa maji ya mvua tu, maana kwa yale ya kisimani mche wa sabuni ulitoa utando badala ya povu. Akaniuliza: "Maji umeyatazama. Sabuni yenyewe je? Siku hizi wanachanganya."

Kesho yake nikaenda kusoma. Kumbe wataalamu wanalijua jambo hili tangu zamani! Sabuni hii mara nyingi huja na mabaki ya dodekanoli, aina ya alkoholi, na ikikaa majini huzaa nyingine polepole. Dodekanoli hung'ang'ania uso kuliko sabuni yenyewe, kwa hiyo huvuta mvutano chini mno. Miseli zikitokea huimeza, na mvutano hupanda. Kwa kuwa haina chaji, umeme haukuiona. Bonde nililolifuta ndilo lililokuwa likiniambia sabuni yangu si safi.

Nikaenda kwa profesa, nikamweleza yote, pamoja na zile nukta tano. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema grafu ile tuitoe kwenye ripoti, nami nianze upya. Nikayeyusha sabuni kwenye ethanoli ya moto, nikaiacha ipoe itoe fuwele, nikachuja, nikarudia. Kila mara bonde lilipungua, mpaka likaisha. Miezi miwili ikaenda hivyo. Tasnifu yangu itakuwa na grafu zote mbili, lenye bonde na lisilo na bonde.

Najua wengi wetu tunaandika huku tunahesabu siku za viza. Lakini ukiona nukta inakataa mstari wako, iulize kwanza ina nini kabla ya kuifuta. Na ukikwama, piga simu nyumbani.

Nilipomwambia mama kwamba mambo yamekaa sawa, aliuliza moja tu: "Kwa hiyo sasa inatoa povu?"