Kasongo hadi Kabambare: siku nne juu ya kamyo, usiku tatu chini ya turubai



Katika mkutano wa likelemba wiki jana swali lilikuwa moja, na liliulizwa zaidi ya mara kumi: barabara ya Kabambare inapitika? Jibu fupi ni ndiyo, wakati huu wa kiangazi inapitika. Jibu refu nimeombwa niliandike hapa, ili kila mmoja aamue mwenyewe kabla ya safari ya pili ya mwezi huu. Tuliokwenda mwezi wa saba tulikuwa wamama saba, na kila mmoja wetu anasimulia kivyake. Hii ni yangu.

Ukipima kwa rula juu ya ramani ya shule, kutoka Kasongo hadi Kabambare ni kilomita 100 na zaidi kidogo. Lakini rula haina vilima. Kadiri unavyokwenda mashariki nchi inapanda polepole kuelekea milima ya Fizi na Itombwe, na ng'ambo ya milima hiyo ndilo Ziwa Tanganika, kunakotoka ndagala zetu. Njiani nyika na msitu vinapokezana: nyasi ndefu juu ya vilima, msitu mnene mabondeni kila penye mto. Juu ya vilima kamyo inatimua vumbi mpaka nywele zinakuwa nyekundu. Mabondeni ndiko kazi iliko.

Tulipakia gunia za mchele na bidoni za mawese, halafu sisi wenyewe tukaketi juu ya mzigo, pamoja na mtoto mmoja anayenyonya na kuku wawili ambao mpaka leo sijui walikuwa wa nani. Wengine watauliza kwa nini hatukuchukua pikipiki. Pikipiki inafika upesi, kweli, lakini haibebi gunia za watu saba, na mama mwenye mtoto mgongoni akianguka kwenye changarawe anaanguka na mtoto. Vijana wa kinga nao wanapita njia hii kila siku, baiskeli imelemewa mpaka humwoni anayeisukuma. Tuliwapita asubuhi, wakatupita mchana tulipokwama, tukawakuta jioni wanapika. Mwisho tulikuwa tunaitana kama majirani.

Mimi ni mwalimu, mnivumilie kidogo. Njia hii ni ya zamani kuliko kamyo. Misafara iliyotoka Ujiji ilivuka ziwa, ikapita Kabambare, ikaja Kasongo na kuendelea mpaka Nyangwe. Kasongo ya wakati ule haikuwa hapa tunapokaa leo. Ilikuwa kule Tongoni, na ndipo Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, alipokuwa na makao yake. Pembe za ndovu zilipita hapa mabegani mwa watu, wengi wao watumwa, na wanawake wakiwamo. Kabambare ndipo David Livingstone alipokwama miezi mingi mwaka 1870 kwa sababu ya vidonda vya miguu. Aliandika habari za nyani mkubwa ambaye watu wa Manyema walimwita soko, ndiye sokwe wetu. Mwaka 1893 askari wa Dhanis walichukua Kasongo, mwaka uliofuata Kabambare. Wanafunzi wangu wanakariri tarehe hizo vizuri sana, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza wale wabebaji walilala wapi usiku. Mimi pia sikuwahi kuwaza hivyo mpaka nilipolala huko.

Siku ya kwanza haina habari kubwa. Barieri tulizikuta, na kila moja ina bei yake. Tuliona kwamba bei hushuka wakati wamama saba wanaposhuka wote pamoja, kutandika mikeka na kukaa chini wakisubiri bila haraka. Msimwachie shofa peke yake mazungumzo hayo. Na habari za usalama ziulizwe asubuhi ya siku hiyohiyo, kwa watu wanaotoka mbele, si habari za juzi. Shofa wetu aliuliza kila kijiji kabla ya kupita, na hapo nampa heshima yake.

Usiku tulilala kando ya barabara karibu na nyumba za watu. Ukifika kijijini na mapema unaomba ruhusa kwa mkubwa wa kijiji, unaonyeshwa maji na mahali pa kujisaidia, na watu wanajua ninyi ni nani. Ukifika saa mbili za usiku wewe ni mgeni wa kutiliwa shaka. Tulifunga turubai ubavuni mwa kamyo, tukapigilia vijiti vya kufungia vyandarua, tukawasha mafiga. Chakula kilikuwa wali, karanga na mihogo iliyochemshwa nyumbani. Maji yote tuliyachemsha, hata yale yaliyoonekana safi kama kioo, maana mto mmoja unahudumia vijiji vingi. Nguo nzito ni lazima. Mwezi wa saba ule umande wa alfajiri kule vilimani unaingia mpaka kwenye mifupa.

Siku ya pili ndiyo iliyoleta maneno katika mkutano, kwa hiyo nitaisimulia kwa utaratibu.

Kuna mahali barabara inateremka msituni na kukatiza kati ya kuta mbili za udongo zilizo juu kuliko kichwa cha mtu. Jua halifiki pale. Mfereji wa pembeni umezibwa na majani ya miaka, kwa hiyo maji ya chemchemi yanatembea katikati ya barabara hata wakati wa kiangazi. Kila kamyo inayopita inachimba zaidi. Yetu iliingia mpaka ekseli, ikalala upande kidogo, ikaziba njia yote kama kizibo cha chupa. Motaboyi wakaanza kushusha gunia ili kuipunguzia uzito.

Hatujashusha hata nusu, ikaja pikipiki kutoka upande wa mbele. Mwenye kuiendesha, mama kijana mwenye mimba kubwa katikati, na mama mkwe wake nyuma amemkumbatia asianguke. Walikuwa na barua ya muuguzi wa kituo cha afya: apelekwe hospitali ya Kasongo. Uchungu ulikuwa umeanza tangu jana yake usiku na mtoto hashuki. Shofa alisema wangoje, saa mbili tu, tatu kama Mungu hapendi. Miongoni mwetu kuna mama mmoja aliyekuwa mkunga miaka mingi. Alimshika yule kijana tumbo, akamtazama macho, akatugeukia sisi na kusema neno moja: hapana.

Basi tukakata miti miwili, tukafunga vikwembe viwili katikati, tukapata kipoyi. Wamama wanne walibeba, wawili walitangulia na mapanga wakipanda ule ukuta wa udongo na kufyeka njia msituni, mama mkwe akishika mkono wa mgonjwa. Vijana wa kinga, wale majirani zetu, waliacha baiskeli zao na kuibeba pikipiki mabegani kupitia tulipofyeka. Kilikuwa kipande kifupi, labda hatua 200, lakini chenye mizizi na utelezi. Hakuna aliyezungumza, ila mkunga wetu aliyekuwa akimwambia yule kijana avute pumzi.

Mimi nilibeba mfuko wake. Ulikuwa mwepesi mno. Nilipouangalia ndani ili kuweka barua ya muuguzi, nilikuta kikwembe kimoja kilichochakaa na sabuni nusu kipande. Hakuna kitu kingine, na pesa waliyokuwa nayo mama mkwe aliifunga kwenye ncha ya nguo: ilitosha mafuta ya pikipiki, haikutosha hospitali. Hapo tulipowakalisha tena juu ya pikipiki, kila mmoja alitia kitu katika ule mfuko, huyu kikwembe, yule sabuni, mwingine blanketi la mtoto wake. Na kutoka kwenye sanduku la safari yetu tulitoa franka 60,000, tukampa mama mkwe mkononi mbele ya wote saba.

Ndizo zile franka ambazo dada mmoja aliuliza katika mkutano kwa nini hazionekani kwenye hesabu. Ameuliza kwa haki. Pesa ya likelemba ni ya wote, na wanaokaa nyumbani wana ruhusa ya kujua ilikokwenda. Jibu ndilo hili. Hatukuwa na simu inayoshika ili tuulize chama, na hakukuwa na wakati. Kama kuna anayeona wamama saba hawana mamlaka ya kutoa pesa ya wamama arobaini, alete hoja yake tuijadili, tuweke sheria kwa safari zijazo. Mimi nitapiga kura kwamba sanduku la safari liwe na sehemu yake ya namna hii, imeandikwa kabla ya kuondoka, kwa sababu pikipiki ya namna ile si ya mwisho. Wamama wanaokaa kando ya njia hii wana hospitali mbili za kuchagua, Kabambare na Kasongo, na zote ziko mbali mvua inaponyesha. Muuguzi mmoja tuliyemkuta baadaye alituambia yeye huwaomba wenye mimba ya kwanza, na waliowahi kupasuliwa, waende kukaa kwa ndugu karibu na hospitali mapema mwezi wa tisa, wasingoje uchungu. Wengi wanakataa kwa sababu hakuna wa kuwaangalia watoto wengine na shamba.

Kamyo ilitoka matopeni jioni. Usiku ule hatukufika kijijini, tulilala msituni hasa. Niwaambie mambo mawili ya msitu. La kwanza ni siafu: walikuja karibu saa sita usiku, tukaamka wote tukicheza bila ngoma. Kumbe majivu ya mafiga, ukiyazungusha mahali pa kulala mapema, yanasaidia. La pili ni perere. Ni mnyama mdogo tu wa mitini, lakini kilio chake usiku kinaanza kama mlango mbovu na kupanda mpaka kama mtu anayekabwa. Mtoto wa mwenzetu alilia, na mimi mwalimu nilisogea katikati ya mkeka.

Kabambare tulifika siku ya nne mchana. Mchele wetu ulipendwa, mawese yalikwenda polepole kwa sababu wengine walikuwa wametangulia. Ndagala zilikuwa nzuri na kavu. Wabangubangu wametupokea kwa ukarimu, na kikundi cha wamama wa kanisa kimoja kilitupa nyumba ya kulala bila malipo. Tumewaahidi kuwafanyia vivyo hivyo wakija huku. Bei zote ziko kwenye daftari la katibu, sitazirudia.

Tulirudi kwa siku tatu. Kwenye ule ukuta wa udongo njia yetu ya mapanga ilikuwa bado wazi, na watu wa baiskeli wameifanya yao. Wazee wa kijiji cha jirani walisema wako tayari kwa salongo ya kufungua mfereji kama watapata majembe na mapiki. Wanasema siku mbili za kazi zinatosha maji yarudi pembeni, na ninaamini, maana shida ya pale si kilima, ni mfereji tu. Nimelileta jambo hilo kwa kamati.

Yule mama kijana alifika Kasongo usiku uleule. Alipasuliwa. Mtoto ni wa kike na yu hai. Mama yake alikaa hospitali muda mrefu kidogo kwa sababu ya homa, sasa yuko kwa shangazi yake akingoja nguvu za kurudi. Mume wake alikuja Jumamosi kwenye ofisi yetu na bidoni ya mawese ya lita 5. Katibu ameiandika kwenye daftari, mstari mmoja chini ya zile franka 60,000.

Safari ya pili ni katikati ya mwezi huu, kabla shule hazijafunguliwa na kabla ya mvua. Nafasi juu ya kamyo ni tisa. Anayetaka alete jina lake kabla ya Jumapili, pamoja na chandarua chake, nguo nzito na kikwembe kimoja cha ziada. Turubai la chama liko kwangu. Lilipasuka pembeni, nimelishona.